Tena Mwepesi

Kwa miaka mingi watu wasionijua waliniita Bi. Nikipiga simu kuagiza chokaa, anayepokea hunijibu, "Subiri kidogo, Bi, nikuangalizie." Nilikwisha kuacha kuwasahihisha. Ukimsahihisha mtu, kwanza hucheka, kisha huomba radhi, kisha hukusimulia habari za mjomba wake aliyekuwa na sauti kama hiyo, na muda wote huo chokaa haijaagizwa. Siku moja nilikwenda dukani Amu, mjini Lamu, kuchukua mzigo, muuzaji akakataa kunipa. Alisema mzigo ule ni wa mwanamke mmoja aliyepiga simu asubuhi. Nikamwambia kwamba mwanamke huyo ni mimi. Akanitazama, akanisikiza vizuri, akanipa mzigo wangu.

Mimi ni mwashi. Nilizaliwa Mbwajumali, kisiwani Pate, nikahamia Wiyoni, pembeni mwa mji wa Amu, nilipooa. Kazi yangu ni kuta za nyumba kongwe za Amu: kubandua lipu iliyokufa, kupiga chokaa mpya, kuisugua mpaka ukuta ung'ae. Baba yangu alikuwa na sauti nzito. Akimwita ng'ombe wake shambani, watu walioko pwani walikuwa wakigeuka. Nilipobaleghe, nyumba nzima ilingoja sauti yangu ishuke. Wenzangu wa madrasa walishuka mmoja mmoja, kama watu wanaoteremka ngazi, nami nikabaki juu. Sauti ilibadilika, ikawa ya mtu mzima, lakini uzito haikupata. Ilipanda bila tabu na kukimbia upesi, na hilo halikuwa jambo ambalo mtu angekusifu kwalo.

Nilipokaribia miaka ishirini niliingia kikundi cha kusoma maulidi na kasida. Kiongozi wetu, mtu mwema na mcha Mungu, alinivumilia miezi kadhaa. Kisha akaniita kando, akaniambia kwa upole kwamba sauti yangu inatokeza kwa wenzangu kama uzi uliochomoka kwenye kofia. Aliniomba nisome kwa chini, au nipige tari tu. Nikapiga tari. Baada ya mwaka, hata tari nikaiacha. Tangu hapo nilisoma nikiwa peke yangu, juu ya jukwaa la kazi, nikiwa na mwiko mkononi, mahali ambapo wa kunisikia ni ukuta tu.

Nilikuwa na miaka thelathini na minane nilipopata kazi katika nyumba ya Bi mmoja wa ukoo wa zamani wa Amu. Alikuwa mjane, umri wake umepita sabini, mwembamba, mwenye fimbo aliyoitumia zaidi kuelekeza kuliko kutembelea. Yeye aliishi chini. Ghorofa ya juu alikuwa amempangisha mama mmoja wa bara, mwalimu wa muziki aliyestaafu, aliyekuwa amefundisha watu kuimba chuoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Alihamia Lamu kwa sababu magoti yake, alivyosema mwenyewe, yalikataa baridi. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na Bi naye alimwita hivyo hivyo.

Siku hiyo nilikuwa juu, chumba cha ndani, nikimalizia ukuta wenye zidaka, vile vishubaka vya kuwekea vyombo. Chokaa ilikuwa mbichi na chumba kitupu, na chumba cha namna hiyo humrudishia mtu sauti yake ikiwa nzuri kuliko alivyoitoa. Nilikuwa nasoma kasida moja ambayo hupanda, hugeuka juu, kisha hushuka kwa haraka. Nilipomaliza nikasikia mtu mlangoni akisema, "Tena."

Niligeuka, nikamwona Mwalimu amesimama, miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Niliona haya, lakini ni mtu mzima, na amesema nirudie. Nikarudia.

"Tena," akasema. "Tena kabisa."

Nikarudia mara ya tatu. Safari hii nilijitahidi zaidi, maana nilidhani kuna mahali nimekosea. Akatikisa kichwa kwa furaha na kusema neno lile lile, na mimi, pumzi zikiwa zimeanza kunipaa, nikaanza mara ya nne. Hapo Bi akapanda ngazi na fimbo yake, akasimama, akamwuliza mpangaji wake, huyu fundi amefanya kosa gani hata anarudishwa rudishwa kama mtoto wa madrasa. Mwalimu alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo yangu iliyopinduliwa. Alipoweza kusema alitueleza kwamba hakuwa akiniambia nirudie. Tena ni jina la sauti. Katika kwaya za kwao wanaume wa sauti ya chini ni besi, na wa sauti ya juu ni tena.

"Na wewe si tena tu," akaniambia. "Wewe ni tena mwepesi."

Moyo ukanianguka. Kwetu mtu kuitwa mwepesi si sifa. Nikateremka jukwaani, nikaanza kukusanya vyombo vyangu, naye akaona kwamba nimeumia. Akaniomba nikae. Bi naye alikaa, kwa kuwa hakupenda jambo lielezwe nyumbani mwake yeye hayupo.

Mwalimu alituambia habari za opera. Ni michezo ya jukwaani, akasema, ambayo watu hawazungumzi, wanaimba tangu mwanzo hadi mwisho. Mtu akipenda anaimba, akikasirika anaimba, akiomba maji anaimba. Na kila aina ya sauti ina kazi yake. Yuko tena mzito, anayeweza kusimama mbele ya vinanda na ngoma na tarumbeta zote na bado akasikika. Huyo hupewa huzuni kubwa kubwa, huua na huuawa. Na yuko tena mwepesi. Huyu sauti yake hupanda juu bila kusukumwa, na hukimbia noti ndogo ndogo upesi, kila moja ikisikika peke yake. Hupewa kuwa kijana aliyependa, mara nyingi katika michezo ya kuchekesha, na aghalabu mwisho wa mchezo binti huwa amempata. Sauti za namna hiyo si nyingi, akasema. Katika miaka yake yote ya kufundisha alikuwa amekutana nazo mbili.

Bi alifikiri kidogo, akauliza, "Kwa hivyo huyu mwepesi hafi?"

Mwalimu akasema kufa kwake ni kwa nadra.

"Basi ndiye wa kusikizwa," akasema Bi.

Mwalimu akaleta spika yake ndogo, akatuwekea wimbo mmoja. Mwanamume alianza kuimba, lugha sikuijua, na kabla hajamaliza mstari wa kwanza nilijua kwamba ile ni sauti yangu. Sisemi yangu ilikuwa nzuri kama yake ama yake kama yangu. Nasema zilikuwa za kabila moja. Ilipanda mahali ambapo mimi hupanda, ikazunguka kama mimi nizungukavyo, na haikuomba radhi. Alipomaliza, watu waliokuwa wakimsikiza, mamia yao, walipiga makofi na kelele za furaha, na hapakuwa na hata mmoja aliyemwambia asome kwa chini. Nilisimama nikageukia ukuta, nikajifanya kuufuta kwa kitambaa, ingawa chokaa mbichi haifutwi kwa kitambaa. Bi aliona. Alisema tu kwamba chai itapoa, tushuke.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kufundishwa. Ilikuwa kila siku baada ya sala ya alasiri, kazi ikisha, kwa nusu saa, na Bi alikuwapo kila mara, amekaa kwenye kiti chake cha mikono. Mwalimu alinikataza kuinua mabega nikivuta pumzi. Alinitaka nivute kwa chini, kiunoni, kama mtu anayetaka kunyanyua mfuko. Alinikataza kusukuma. Kwenye zile noti za kukimbia nilikuwa nikizikokota, zikishikana, naye akatafuta maneno ya kunieleza, asiyapate. Bi akatoa tasbihi yake, akaipitisha vidoleni, punje moja moja, upesi lakini bila kuruka hata moja. "Hivi," akasema. "Usivute uzi. Hesabu." Mwalimu alimtazama, akaniambia nifanye alivyosema Bi, nikafanya, zikatoka.

Haikupita muda habari zikafika Wiyoni. Jirani mmoja alimwambia mke wangu kwamba mumewe hupiga "a-a-a" kila alasiri na mama wa bara. Siku ya pili yake mke wangu alivaa buibui, akatembea hadi Amu, akabisha hodi kwa Bi, akakaribishwa, akakaa, akasikiza mpaka mwisho. Tulirudi nyumbani pamoja, mimi nikingoja kuulizwa. Tulipokaribia nyumbani akaniambia kwamba wakati nilipokuwa nikipiga chokaa nyumba ya jirani yao, kabla hatujajuana, alikuwa akinisikia nikisoma upande wa pili wa ukuta. Hakuwa ameniona. Posa ilipoletwa, mama yake alimwuliza kama anamjua mtu huyo, naye akasema anajua sauti yake, na yamtosha.

Tulikuwa tumeoana miaka kumi na mmoja. Nikamwuliza mbona hakuwahi kuniambia.

"Wewe ulikuwa huipendi," akasema. "Ningeanzia wapi?"

Mwaka uliofuata Mwalimu alipata barua kutoka kwa mwanafunzi wake wa zamani, binti ambaye sasa alikuwa akiongoza waimbaji Nairobi. Walikuwa wakitayarisha onyesho la vipande vya opera, na tena wao mwepesi alikuwa amepata nafasi ya kusoma ng'ambo, akaondoka. Mwalimu akamwandikia kwamba anaye mmoja, yuko Lamu, anapiga lipu. Mimi nikasema sijui kusoma noti. Akasema nitajifunza kwa sikio, kama nilivyojifunza kasida zangu zote. Maneno yalikuwa ya Kiitaliano. Alinifundisha neno kwa neno, na maana yake akanipa: kijana anaisalimu asubuhi katika mtaa anaokaa mpenzi wake. Nilipima moyoni, nikaona hakuna ubaya. Nilimwambia mke wangu kwamba kila nikifika pale pa kumtaja mpenzi nitakuwa namfikiria yeye. Akaniambia nifikirie pumzi.

Nilitoa masharti mawili. Sitavaa mavazi ya kuigiza, nitaimba na kanzu yangu. Na onyesho liwe mchana. Yule binti akakubali yote mawili. Kumbe onyesho lenyewe lilikuwa limepangwa Jumamosi alasiri tangu mwanzo.

Nilikwenda na Mwalimu. Ukumbi wa Nairobi ulikuwa mkubwa na wenye baridi. Kwenye mazoezi walikuwako waimbaji kumi au kumi na wawili, wote wakijuana. Aliyekaa karibu nami alikuwa tena mzito, bwana mmoja kutoka upande wa magharibi, mwenye kifua kama mlango na njugu karanga mfukoni, ambazo alinigawia bila kuniuliza kama nataka. Zamu yake ilipofika alisimama, akaimba, na nilihisi mbao za sakafu zikitetemeka miguuni mwangu. Sijapata kusikia mtu akiwa na sauti nyingi hivyo. Kila alipoendelea mimi nilizidi kupungua. Nilipoitwa nilikuwa nimerudi kuwa yule wa miaka kumi na tisa, uzi uliochomoka.

Nikasukuma. Nilitaka na mimi mbao zitetemeke. Mstari wa kwanza ulitoka mkubwa, wa pili ukawa mgumu, na nilipofika pale juu sauti ikapasuka, tuf, kama kitambaa kikuukuu. Nikaomba nirudie, nikasukuma zaidi, ikapasuka hata kabla ya kufika. Yule binti kiongozi alinishukuru kwa adabu, akaita mwingine. Nilirudi kwenye kiti changu. Bwana wa njugu alinimiminia mkononi, akatazama mbele, na ule wema wake nausikia mpaka leo.

Mwalimu alinikuta nje, kwenye benchi, nikiwa nimekwisha kuamua kurudi Lamu kesho yake.

"Ulikuwa unaimba sauti ya nani mle ndani?" akaniuliza.

Nikasema yangu.

"Hapana. Yako naijua."

Tulikaa. Nikamweleza, kwa kuwa sikuwa na jambo jingine la kusema, habari za watu wanaonunua nyumba kongwe za Amu na kuzipiga saruji. Wanataka ukuta uwe na nguvu. Lakini ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na saruji huufungia maji ndani, na baada ya mvua mbili tatu yote hubanduka, na jiwe lenyewe huwa limeharibika. Mimi ndiye ninayeitwa kuja kuibandua. Nikamwambia nadhani leo nimejipiga saruji mwenyewe. Mwalimu akasema habari za kuta hazijui, lakini kama ni hivyo, basi anayejua kuibandua yuko hapa.

Alikwenda kumwomba yule binti anisikize tena kesho asubuhi, kabla ya wengine kufika. Asubuhi hiyo tulikuwa watu wanne ukumbini: mimi, Mwalimu, kiongozi na mpiga piano. Sikutazama viti. Nilisimama kama nilivyosimama mara nyingi juu ya mbao zangu, mwili umetulia, nikavuta pumzi kiunoni, nikaimba kwa ukubwa ule ule niliozoea kuwaimbia zidaka. Sauti ikapanda. Pale juu, mahali ilipopasuka jana, ilifika tu, kama mtu aliyefika kwao. Nikazihesabu noti za kukimbia moja moja, zikatoka zote. Katikati ya wimbo nilimwona kiongozi akiondoka mbele, akienda nyuma, nikadhani hakupendezwa. Alikwenda mpaka safu ya mwisho kabisa, akasimama ukutani, akainua mkono juu. Mwalimu alinieleza baadaye kwamba alikuwa akiniambia sauti imefika.

Jumamosi niliimba na kanzu yangu. Ilikuwa muda wa dakika nne hivi. Watu walipopiga makofi sikujua la kufanya, sikuinama wala sikuondoka, nikasimama pale kama mtu anayengoja kupewa chenji, hadi bwana wa njugu alipokuja kunishika mkono akanitoa. Mwalimu alikuwa ameishika simu juu muda wote, na upande wa pili, nyumbani kwa Bi, mke wangu na Bi walikuwa wakisikiza. Nilipoichukua simu, mke wangu alimpa Bi ile ya kwao. Bi akaniambia kwamba mimi sikukosea kitu, ila mpiga kinanda alikuwa na haraka, kama ana mahali anapokwenda.

Yule binti alinitaka nibaki nisome. Alisema ningali na miaka ya kutosha mbele, na kwamba sauti nyepesi ikitunzwa hukaa. Nilifikiri siku tatu, na sitasema uongo, nilitamani. Lakini binti zangu walikuwa wadogo, kazi ya watu ilikuwa imelala Amu, na nilikuwa nimegundua kwamba kile nilichokwenda kutafuta Nairobi nilikuwa nimekwisha kukipata asubuhi ile, mbele ya watu watatu. Nikamwomba ruhusa. Nimekwenda kumwimbia mara mbili tangu hapo, nikarudi.

Kazi ya nyumba ya Bi ilikwisha zamani, lakini Alhamisi alasiri bado nakwenda. Mke wangu huja akipata nafasi. Mwalimu hutuwekea opera moja, kipande kidogo kila wiki, akitufasiria, na Bi husikiza kama anayesikiza kesi. Hapendi vijakazi wanaobeba barua. Huwalaumu akina baba wanaowafungia binti zao, kisha hukumbuka kwamba baba yake alikuwa hivyo hivyo, na huwaacha.

Alhamisi moja, mwaka jana, umeme ulikatika katikati ya wimbo wa watu wawili. Yule tena mwepesi alikuwa ndiyo kwanza ameanza kujibizana na binti, na spika ikafa. Tulingoja. Umeme haukurudi. Bi akasema hawezi kuwaacha watu katikati ya ndia namna hiyo, mmoja dirishani, mwingine chini, na akamtaka Mwalimu aumalizie.

Katika miaka yote hiyo hatukuwahi kumsikia Mwalimu akiimba. Alikuwa akitufundisha kwa kusema na kwa mkono. Akasema sauti yake ilikuwa ya chini hata ujanani, na sasa imechakaa, na wimbo ule ni wa msichana.

"Funga mato basi," Bi akamwambia. "Sisi tutafunga pia."

Wakafunga macho, Bi na mke wangu. Mimi sikufunga. Nilianza mstari wangu, taratibu, na Mwalimu akaujibu kwa sauti nene iliyotetemeka mwanzoni, kisha ikasimama. Aliimba mistari ya msichana chini yangu, mahali pasipoandikwa, na kila nilipokimbia aliningoja. Nilisikia hapo kwamba mwanamke huyu, aliyewaambia wanafunzi wake miaka yote jinsi ya kuimba, alikuwa akipenda kuimba kuliko sisi sote, na hakuwa na wa kumwomba aimbe.

Tulipofika mwisho Bi alifungua macho, akauliza kama sasa wameoana. Mwalimu akasema bado, baba hajakubali, kuna sehemu nzima iliyobaki.

"Na muda tunao," akasema Bi. "Maghribi haijaingia."

Mwalimu akaomba maji. Mke wangu akamletea. Akanywa, akapangusa miwani, akaniuliza kama naukumbuka mstari wa baba.